Mwambie mteja atakachopata: namna ya kuandika tangazo la programu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa ng'ombe, gunia la mahindi au kitenge, msemo huu una ukweli mkubwa. Mnunuzi mnadani humzunguka ng'ombe, humwangalia meno, humgusa mgongo, ndipo huuliza bei. Lakini programu ya simu au ya kompyuta haina meno ya kuangaliwa. Haishikiki, hainusiki, wala haifungwi kambani mnadani. Mteja huijua kwanza kwa maneno anayoyasoma au kuyasikia. Maneno yakiwa magumu, programu nzuri inakaa bila kutumiwa. Maneno yakiwa matamu kuliko ukweli, programu mbaya inaingia hadi kwenye mfuko wa kikundi.

Ndiyo maana katika toleo hili tunazungumzia uandishi wa matangazo ya programu. Wapo vijana kutoka vijiji vyetu waliosomea kompyuta na sasa wanatengeneza programu zao wenyewe. Wakati huohuo vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya wakulima, shule na maduka ya dawa za mifugo vinafikiwa na matangazo ya programu za kila aina. Makala hii ni kwa pande zote mbili. Anayeandika tangazo atapata hatua za kufuata. Anayesoma tangazo atapata maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme vijana wawili wametengeneza programu ya kutunza hesabu za VICOBA, nao wanataka kuipeleka kwa vikundi vya Busawe na vijiji vya jirani, katika wilaya za Serengeti na Tarime. Vijana hawa ni wa kubuni. Lakini kikundi wanachotaka kukifikia kila msomaji wetu anakijua: wanachama 30 hivi, sanduku lenye kufuli tatu, daftari la katibu, na siku ya kuvunja kikoba ambapo hesabu zinaweza kuchukua kutwa nzima.

Somo kutoka M-Pesa

Mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki uko mikononi mwetu kila siku. Mwezi Oktoba 2005, kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza kujaribu huduma mpya ya simu nchini Kenya, kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo iitwayo Faulu Kenya. Jaribio lilifanyika Nairobi na Thika, likiwa na wateja wapatao 500. Lengo la waanzilishi lilikuwa kumrahisishia mkopaji kupokea mkopo wake na kulipa marejesho kwa simu.

Wateja walipoizoea, waliitumia kwa mambo mengine. Walitumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliweka fedha kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasitembee na noti mfukoni. Wengine waliwatumia ndugu walio mbali. Hapo waanzilishi walikuwa na njia mbili. Wangeweza kuendelea kuitangaza huduma kama walivyoibuni wao, yaani huduma ya kulipia mikopo. Au wangeweza kuitangaza kama wateja walivyoitumia.

Walichagua njia ya pili. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi nchini Kenya tarehe 6 Machi 2007, ilitangazwa kwa maneno machache sana ya Kiingereza, ambayo maana yake ni "tuma pesa nyumbani". Katika maneno hayo hakuna neno lolote la kitaalamu. Hayasemi jinsi mtambo unavyofanya kazi wala ni nani aliyeutengeneza. Yanataja kazi ambayo mteja alikuwa akiifanya tayari kwa taabu, akipitia kwa dereva wa basi, kwa rafiki anayesafiri au posta. Na neno "nyumbani" lina uzito wake kwetu. Kwa mtu anayefanya kazi mjini, nyumbani ni kwa wazazi, ni shambani, ni ada ya mdogo wake. Jina lenyewe nalo lilisaidia, kwa kuwa "pesa" ni neno ambalo kila mtu analijua.

Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008. Hapa huduma ilikua taratibu zaidi kuliko Kenya mwanzoni, na hilo nalo ni somo. Maneno mazuri peke yake hayatoshi. Lazima awepo wakala karibu, mwenye fedha za kutoa na muda wa kueleza. Tangazo humleta mteja mlangoni. Akikuta mlango umefungwa, hatarudi upesi.

Jambo kuu tunalojifunza ni hili: anza na kazi ya mteja, kisha onyesha programu inaingia wapi katika kazi hiyo. Waandishi wengi huanza na programu, na mteja hutajwa mwishoni anapoambiwa alipe.

Sikiliza kabla ya kuandika

Tangazo zuri haliandikwi ofisini peke yake. Kabla ya kushika kalamu, vijana wetu wawili wanapaswa kwenda kukaa kwenye mikutano miwili au mitatu ya vikundi, kwa ruhusa ya viongozi, na kusikiliza. Wasiende kuuza. Waende kuuliza maswali kama haya:

- Ni kazi gani katika mkutano inayowachosha zaidi?
- Mara ya mwisho hesabu zilipogoma, nini kilitokea?
- Nani anaandika daftari, na akiugua nani anaandika?
- Ni wanachama wangapi wana simu janja, na wangapi wana kitochi?
- Nani anaamua kikundi kikitaka kununua kitu?
- Mliwahi kuletewa programu nyingine? Kwa nini mliiacha?

Swali la mwisho ni la thamani sana. Huenda waliiacha kwa sababu ilikula bando. Huenda ilikuwa kwa Kiingereza. Huenda kijana aliyeifunga simuni aliondoka, na hakuna aliyebaki anayejua neno la siri. Kila sababu kati ya hizo inapaswa kujibiwa ndani ya tangazo, maana ndiyo itakayokuwa akilini mwa msomaji.

Andikeni maneno yenyewe wanayotumia watu. Katika eneo la Busawe wengi huzungumza Kingoreme nyumbani na Kiswahili kwenye mikutano na madaftari. Wanasema hisa, faini, marejesho, mfuko wa jamii, kuvunja kikoba. Tangazo linaloongea kuhusu "usimamizi wa rasilimali fedha" linazungumza lugha ya semina. Mama mweka hazina hatauliza maana yake mbele ya watu. Atanyamaza tu, na mkutano utaendelea na ajenda nyingine.

Sikilizeni pia hofu. Katika kikundi chochote cha fedha ipo hofu ambayo haisemwi mbele ya wote: kwamba mtu mmoja anajua hesabu kuliko wengine. Programu inaweza kupunguza hofu hiyo, au kuiongeza ikiwa katibu peke yake ndiye anayeifungua. Mwandishi asiyejua hofu hii ataandika juu ya kasi na urahisi, wakati wanachama wanachotaka kusikia ni kwamba kila mtu ataona chake.

Tofauti kati ya sifa na faida

Sifa ni kile ambacho programu inacho. Faida ni kile ambacho mteja anapata. Aliyetengeneza programu anapenda sifa, kwa kuwa ndizo zilizomkosesha usingizi. Mteja analipia faida.

Mfano unaojulikana duniani ni wa kampuni ya Apple ya Marekani. Mwezi Oktoba 2001 ilipotoa kifaa chake cha kusikilizia muziki, iPod, ingeweza kutangaza kwamba kina nafasi ya gigabaiti 5. Badala yake ilisema ni nyimbo 1,000 mfukoni mwako. Ni jambo lilelile, lakini watu wengi hawajui gigabaiti ni nini, na kila mtu anajua wimbo na mfuko.

Karibu nasi zaidi kuna iCow ya Kenya, iliyobuniwa na Su Kahumbu, ambayo ilishinda shindano la Apps4Africa mwaka 2010. Mfugaji alisajili ng'ombe wake kwa simu ya kawaida pamoja na tarehe aliyopandishwa, kisha akawa anapokea ujumbe wa kumkumbusha la kufanya katika kila hatua hadi ng'ombe azae. Mtaalamu angeweza kuiita "mfumo wa kalenda unaotuma ujumbe wenyewe". Hiyo ni sifa. Kwa mfugaji, faida ni kwamba hatapitwa na siku muhimu za ng'ombe wake, na kwa hiyo hatapoteza ndama wala maziwa.

Njia rahisi ya kutoka kwenye sifa hadi kwenye faida ni kujiuliza "kwa hiyo nini?" mpaka ufike kwenye jambo ambalo mteja mwenyewe angelitamka. Tujaribu kwa programu yetu ya VICOBA:

- Programu inahifadhi kumbukumbu nje ya simu. Kwa hiyo nini? Simu ikipotea, hesabu hazipotei. Kwa hiyo nini? Kikundi hakitaanza kugombana juu ya nani alikuwa amelipa.
- Programu inatuma ujumbe kwa kila mwanachama. Kwa hiyo nini? Mwenye kitochi naye anaona hisa zake. Kwa hiyo nini? Hahitaji kumuuliza katibu wala kumshuku.
- Programu inakokotoa mgao. Kwa hiyo nini? Siku ya kuvunja kikoba watu wanaondoka mapema, kabla giza halijaingia, wakiwa na fedha zao.

Angalieni jibu la mwisho katika kila mstari. Hilo ndilo la kuweka juu kabisa kwenye tangazo.

Matangazo mawili ya programu moja

Hapa chini kuna tangazo la kwanza, la aina ambayo sote tumewahi kuiona:

"Suluhisho la kisasa la kidijitali kwa VICOBA! Mfumo wetu wenye dashibodi ya kuvutia, kanzidata salama na ripoti za papo kwa papo utaleta mapinduzi makubwa katika usimamizi wa kikundi chako. Sisi ni wabunifu tunaoongoza katika teknolojia. Usipitwe, wahi sasa!"

Msomaji akimaliza, anajua nini? Hajui programu inafanya kazi gani hasa, inahitaji simu gani, inagharimu kiasi gani, wala nani atamfundisha. Anajua tu kwamba waandishi wanajisifu. Neno "sisi" na neno "wetu" yamembeba mwandishi, na mwanachama hayumo.

Sasa hili la pili:

"Siku ya kuvunja kikoba, kila mtu ajue chake.
Programu hii inatunza hesabu za hisa, mikopo, marejesho na faini. Katibu anaingiza hesabu kila mkutano kwenye simu janja moja ya kikundi. Kila mwanachama, hata mwenye kitochi, anapokea ujumbe unaoonyesha hisa zake na deni lake.
Fedha zinabaki kwenye sanduku lenu. Programu hii haishiki fedha na haikopeshi.
Bei ni shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kikundi kizima, pamoja na ujumbe wa wanachama. Miezi miwili ya kwanza hamlipi. Mkiamua kuacha, mnapewa hesabu zenu zote kwenye karatasi.
Tunakuja kwenye mkutano wenu kuwafundisha watu watatu, si katibu peke yake."

Tangazo hili halina neno moja la kujisifu, lakini linajibu maswali ambayo kikundi kingeuliza. Tugusie mambo manne ndani yake.

Kwanza, kichwa cha tangazo kinataja siku ambayo kila mwanachama anaiwazia. Mtu akisoma mstari huo tu na kuondoka, bado amepata ujumbe mkuu.

Pili, linasema programu isichofanya. Waandishi wengi wanaogopa hapo. Lakini kusema wazi kwamba programu haishiki fedha kunaondoa hofu kubwa kuliko maneno kumi ya "usalama wa hali ya juu".

Tatu, linasema bei yote. Shilingi 5,000 kwa mwezi ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Katika kikundi cha watu 30, kila mmoja anachangia shilingi 2,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo inaweza kuandikwa kwenye tangazo lenyewe. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza taa za sola kwa malipo ya simu nchini Kenya mwaka 2012, iliweka malipo madogo ya kila siku ambayo mteja aliweza kuyalinganisha na fedha alizokuwa akitumia kwa mafuta ya taa. Mteja anaielewa bei akiiona pembeni ya gharama aliyoizoea. Hata hivyo, bei ndogo ya siku isitumike kuficha bei kubwa ya mwaka. Andikeni zote mbili.

Nne, linataja njia ya kutoka. Anayejua kwamba anaweza kuacha bila kupoteza hesabu zake ndiye anayethubutu kujaribu.

Pale maneno yanapoumiza

Ahadi ni deni, na tangazo ni ahadi iliyotolewa mbele ya watu wengi kwa mara moja. Katika miaka ya karibuni tumeona jinsi maneno ya programu yanavyoweza kuumiza familia. Programu za mikopo kwenye simu zimejitangaza kwa maneno mepesi: mkopo ndani ya dakika chache, bila dhamana, bila foleni. Maneno hayo yanaweza kuwa kweli. Kinachoachwa nje ni riba, muda mfupi wa kulipa, na ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu ya mkopaji. Mkopaji akichelewa, ujumbe wa kumdhalilisha unatumwa kwa ndugu, jirani na viongozi wake. Watu wameiita mikopo ya namna hiyo kausha damu, na jina hilo halikutoka kwenye tangazo lolote.

Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo mtandaoni bila leseni, na kuwaonya wananchi wasiyatumie. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kumweleza mhusika taarifa zake zinachukuliwa kwa ajili ya nini. Sheria hii inawahusu hata vijana wawili wenye programu ndogo ya VICOBA, kwa kuwa majina, namba za simu na madeni ya wanachama ni taarifa binafsi.

Kwa mwandishi wa tangazo, maana yake ni haya:

- Usiandike "bure" ikiwa kuna makato yatakayokuja baadaye. Andika ni bure kwa muda gani, na baada ya hapo ni kiasi gani.
- Usiandike "salama asilimia 100". Eleza umefanya nini kulinda hesabu, na nani anaweza kuziona.
- Usitumie ushuhuda wa mtu bila ruhusa yake, na usibuni ushuhuda. Katika vijiji vyetu watu wanajuana. Uongo utajulikana kabla ya mnada ujao.
- Usitume matangazo kwa namba za wanachama ulizopewa kwa ajili ya hesabu. Hawakukupa kwa kazi hiyo.
- Usimtie mtu hofu ili anunue haraka. "Nafasi zimebaki tatu tu" ni maneno mabaya kama nafasi hazina mwisho.

Kuna wanaosema kwamba tangazo la kweli haliuzi. Sisi tunaona kinyume. Programu ya hesabu hailipiwi mara moja kama kilo ya sukari. Inalipiwa kila mwezi, na kila mwezi kikundi kinaamua upya. Maneno ya uongo yanaweza kuleta malipo ya mwezi wa kwanza. Malipo ya mwezi wa kumi na mbili huletwa na kikundi kilichokuta kile kilichoambiwa. Zaidi ya hayo, kikundi kimoja kilichoridhika kitawaambia wengine kisimani, kanisani na kwenye mnada, na hilo ni tangazo ambalo hakuna anayeweza kulinunua.

Kuandika kwa nafasi ndogo

Ujumbe mmoja wa simu wa kawaida hubeba herufi 160 tu, ukihesabu nafasi na alama. Ukizidi hapo, unakatwa vipande na gharama inaongezeka. Hili ni zoezi zuri kwa mwandishi, kwa sababu linamlazimisha kuchagua. Jaribuni kuliandika tangazo lenu kwanza kama ujumbe wa simu, hata kama litabandikwa ukutani. Kwa mfano:

"Kikoba chenu kinavunjwa lini? Programu yetu inahesabu hisa na mikopo, kila mtu anaona chake kwa SMS. 5,000/= kwa mwezi kwa kikundi. Tuulize siku ya mnada."

Ujumbe huu una herufi 154. Una swali linalomgusa msomaji, kazi ya programu, bei, na jambo moja la kufanya. Hilo la mwisho ni la lazima. Tangazo linalomwambia msomaji apige simu, atembelee ofisi, apakue programu na ajaze fomu litamfanya asifanye lolote. Mpeni hatua moja iliyo nyepesi. Na ujumbe wa namna hii utumwe kwa viongozi walioomba taarifa, si kwa kila namba iliyopatikana.

Tangazo la ukutani lisomeke kwa mtu aliyesimama hatua tatu mbali. Herufi ziwe kubwa na sentensi ziwe fupi, na namba ya simu iandikwe mara moja, kwa ukubwa, mahali pamoja. Tangazo la kusomwa mbele ya watu, iwe mkutanoni au redioni, liandikwe kama mtu anavyoongea. Lisomeni kwa sauti kabla ya kulitoa. Pale mnapoishiwa pumzi, wekeni nukta.

Msisahau maneno yaliyo ndani ya programu yenyewe. Kitufe kinachosema "Hifadhi marejesho" kinaeleweka kuliko kinachosema "Wasilisha". Ujumbe unaosema "Namba hii haijasajiliwa kwenye kikundi, angalia tena" unamsaidia katibu kuliko "Hitilafu 403". Tangazo likiongea lugha ya kikundi na programu ikaongea lugha nyingine, mteja ataona amedanganywa.

Lipime kabla ya kulisambaza

Mwandishi ndiye msomaji mbaya kuliko wote wa tangazo lake, kwa kuwa anajua tayari alichotaka kusema. Fanyeni jaribio hili dogo. Wapeni tangazo watu watatu ambao hawaijui programu: mmoja awe mweka hazina wa kikundi, mmoja awe mwanachama mwenye kitochi, na mmoja awe mzee ambaye maneno yake yanaheshimiwa. Wasome au wasomewe mara moja. Kisha lichukueni tangazo na waulizeni: programu hii inafanya nini? Ni bei gani? Ungefanya nini ukiitaka? Una wasiwasi gani?

Msiwasahihishe wanapojibu. Andikeni tu. Wawili wakikosea jambo lilelile, kosa liko kwenye tangazo. Lirekebisheni na kulipeleka kwa watu wengine watatu.

Baadaye mnaweza kupima kwa mauzo. Tumieni kichwa kimoja cha tangazo mnada huu na kingine mnada ujao, bila kubadilisha kitu kingine, kisha hesabuni ni wangapi walikuja kuuliza. Kila anayekuja aulizwe ni neno gani lililomleta. Mara nyingi jibu lake litakuwa bora kuliko sentensi yoyote mliyoiandika, na mnaweza kumwomba ruhusa ya kulitumia.

Orodha ya kukagua tangazo

Kabla ya kutoa tangazo, hakikisheni kwamba:

- Mstari wa kwanza unataja kazi au shida ya mteja, si jina la kampuni.
- Mtu aliyeishia darasa la saba anaelewa kila neno.
- Imesemwa ni simu ya aina gani inahitajika, na kama inahitaji intaneti.
- Bei yote imeandikwa, pamoja na makato na gharama za ujumbe.
- Imesemwa programu isichofanya.
- Imesemwa taarifa za wanachama zinawekwa wapi na nani anaziona.
- Imesemwa jinsi ya kuacha.
- Kuna jambo moja tu ambalo msomaji anaombwa kufanya.
- Kila sentensi inaweza kusemwa mbele ya mkutano wa kikundi, na mwandishi akiwepo.

Viongozi wa vikundi wanaweza kutumia orodha hii hii wanapoletewa tangazo. Kila kipengele kinachokosekana ni swali la kumuuliza muuzaji. Asiyekuwa na jibu arudi siku atakapokuwa nalo. Sanduku litaendelea kukaa mahali pake.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Leteni tangazo moja la programu au huduma ya simu mliloliona hivi karibuni. Linasema nini kuhusu mteja, na linasema nini kuhusu kampuni?

2. Je, kuna mtu katika jamii yenu aliyeumizwa na huduma ya simu ambayo hakuielewa? Ni maneno gani yangemsaidia kama angeambiwa mapema?

3. Chagueni kazi moja inayowachosha katika kikundi chenu. Kama ingekuwepo programu ya kuirahisisha, mngependa iwaahidi nini? Andikeni ahadi hiyo kwa herufi zisizozidi 160.

4. Vijana wenye ujuzi wa kompyuta wako wapi katika eneo lenu? Mnaweza kuwaalika kusikiliza mkutano wenu kabla hawajatengeneza kitu?